Fundi Ajibu: Waya upi wa kuunganisha mashine ya zamani ya gemu na runinga?

Barua za safari hii zinafanana kama watoto pacha. Mtu amefukua kabatini mashine ya gemu aliyoichezea utotoni, ameipangusa vumbi, taa imewaka na moyo umemdunda. Kisha akazunguka nyuma ya runinga mpya, waya mkononi, asione pa kuuchomeka. Nimeamua kurasa zangu zote ziende huko. Kazi hii ya kulehemu na kuchungulia matundu nimeifanya tangu ujana wangu, na hakuna kazi inayonifurahisha kama kuiona mashine iliyonyamaza miaka mingi ikitoa picha tena.

Ombi moja kabla hatujaanza. Usinunue waya kwanza. Chukua karatasi, chora matundu yote ya nyuma ya mashine, kisha chora ya runinga, pamoja na maandishi madogo yaliyo kando ya kila tundu. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuchagulia waya.

Kila kichwa kimeingia, lakini picha haipo

*Fundi, shikamoo. Kaka yangu alipohama aliniachia PlayStation 2 yake. Runinga yangu ni bapa, ina matundu matatu ya HDMI, na yale ya njano, nyeupe na nyekundu siyaoni. Nikanunua waya wenye vichwa vitatu vya rangi upande huu na HDMI upande ule. Vyote vimeingia vizuri, ila kioo kinasema hakuna mawimbi. Je, mashine imekufa? — Mdogo Mtu*

Marahaba, mwanangu. Mashine ni nzima. Ulichouziwa ni waya ambao hauwezi kufanya kazi hiyo, na si wewe wa kwanza. Katika barua za safari hii peke yake nimehesabu watu wanne wenye waya uleule.

PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000. Kiwango cha kwanza cha HDMI kilitangazwa mwishoni mwa 2002. Kwa hiyo waliobuni mashine yako hawakuwa na HDMI ya kuifikiria. Picha inayotoka nyuma yake ni ya analogia, yaani umeme mdogo, wa volti moja hivi, unaopanda sehemu ya picha inapong'aa na kushuka inapokuwa giza. HDMI haibebi kitu cha namna hiyo. Inabeba tarakimu. Sasa waya mtupu, hata ukiwa na vichwa vizuri namna gani, ni shaba tu ndani ya plastiki: hauwezi kuupima umeme huo na kuugeuza kuwa tarakimu. Ni sawa na kumsomea barua mtu asiyejua lugha yako. Ukipaza sauti hasikii zaidi. Anahitaji mkalimani.

Mkalimani huyo ni konveta, kiboksi kidogo chenye chipu ndani. Utamtambua kwa jambo moja: anakula umeme. Ama ana waya wake wa USB wa kumlisha, ama ni ile adapta inayochomekwa moja kwa moja kwenye mashine na kuvuta umeme humohumo. Ukiona kitu kinachodai kugeuza njano kuwa HDMI na hakina pa kupatia umeme, kirudishe. Tena soma upande wa safari. Kuna konveta ya AV (yaani zile rangi tatu: njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti) kwenda HDMI, na kuna ya HDMI kwenda AV. Maboksi yake yanafanana rangi na ukubwa, lakini moja haifanyi kazi ya mwenzake.

Ila usikimbilie konveta bado. Rudi nyuma ya runinga na tochi. Runinga nyingi bapa hazikuondoa njia ya zamani, zimeificha. Tafuta kitundu cha duara kama cha spika za masikioni, chenye maandishi AV IN. Hicho kinapokea picha na sauti kupitia adapta fupi: upande mmoja kipini chembamba chenye pete tatu nyeusi, upande wa pili matundu matatu ya rangi. Angalia tu usichanganye na kile cha spika za masikioni, ambacho kina alama yake.

Hapa pana mtego mmoja, na nauandika kwa sababu ulinipotezea siku nzima. Vipini hivyo havipangwi kwa mtindo mmoja na watengenezaji wote. Kwa mmoja picha inapita sehemu ya pili, kwa mwingine sehemu ya tatu, na ardhi, yaani waya wa kurudisha umeme, inahamahama pia. Ukichomeka adapta ya runinga nyingine unaweza kupata mngurumo mahali pa sauti na kioo cheusi mahali pa picha. Jaribu kuuhamishia ule wa njano kwenye tundu jekundu la adapta, kisha jeupe. Picha ikitokea, umepata mpangilio. Isipotokea, tafuta adapta iliyotengenezwa kwa ajili ya runinga yako hasa.

Na kama utagharamika, gharamika vizuri: PlayStation 2 ina picha bora kuliko ile ya njano. Tundu lilelile la nyuma linatoa pia komponenti, yaani vichwa vitano: kijani, buluu na chekundu vya picha, halafu cheupe na chekundu cha pili vya sauti. Runinga yako ikiwa na matundu hayo, chukua waya huo. Isipokuwa nayo, zipo konveta za komponenti kwenda HDMI, na picha yake inaipita mbali ile ya njano. Tena tundu hilo la PlayStation halikubadilika umbo kuanzia ya kwanza hadi ya tatu. Ukipata waya wa komponenti wa PlayStation 3, unaingia na kufanya kazi kwenye ya pili. Kwenye ya kwanza utaingia pia, lakini hautatoa kitu, kwa sababu mashine hiyo haina komponenti ndani yake.

Kabla ya kubadili waya, ukiwa bado unaona picha kwa njano, ingia kwenye menyu ya "System Configuration", tafuta "Component Video Out", uchague Y Cb/Pb Cr/Pr badala ya RGB. Asiyefanya hivyo hupata picha yenye rangi za ajabu, akadhani waya mbovu. Baadhi ya michezo ya mashine hiyo, ukishikilia pembetatu na X pamoja wakati inaanza, itakuuliza kama unataka picha ya 480p, yaani ya mistari 480 inayochorwa yote kwa mara moja. Kubali.

Rangi zimekwenda wapi?

*Fundi, nimechomeka njano kwenye njano kama ulivyowahi kuelekeza. Picha ipo, sauti ipo, lakini yote ni nyeusi na nyeupe. — Asiye na Rangi*

Una hakika ni njano kwenye njano? Angalia tena. Katika runinga nyingi tundu la kijani la komponenti ndilo hilohilo linalopokea ule wa njano, limeandikwa VIDEO/Y, na mara nyingine lina duara la rangi mbili. Ndani ya menyu ya vyanzo runinga inakuwa na majina mawili, AV na Component. Ukiiacha kwenye Component, inauchukulia waya wako kama mwangaza peke yake na inangoja rangi zije kupitia buluu na nyekundu. Haziji. Badili kwa rimoti iende AV.

Kama hilo siyo, uliza mashine ilizaliwa wapi. Za Japani na Marekani huchanganya rangi kwa mtindo wa NTSC, za sehemu kubwa ya Ulaya kwa mtindo wa PAL. NTSC inaibeba rangi juu ya wimbi la megahezi 3.58, PAL juu ya 4.43. Runinga inayosikiliza wimbi moja haisikii jingine, kwa hiyo inakuonyesha mwangaza bila rangi. Tafuta kwenye menyu mfumo wa rangi na uuache uchague wenyewe. Runinga ya zamani isiyojua NTSC haitajifunza leo. Hapo njia ni kutumia RGB, ambayo haina haja ya wimbi hilo, na ndiyo habari ya barua inayofuata.

Njano, S-Video au SCART?

*Shikamoo Fundi. Nina Super Nintendo na Nintendo 64, na TV ya chogo ya inchi 21 ambayo nimekataa kuitupa. Ina tundu la njano, la S-Video na lile pana la SCART. Wenzangu wananiambia waya ni waya. Mimi naona herufi za mchezo zinatambaa pembeni kama sisimizi. Ninunue upi? — Mlinzi wa Chogo*

Marahaba, na hongera kwa kukataa kuitupa. Sisimizi umewaona kweli, na wana sababu.

Ndani ya mashine picha huanza ikiwa mikondo mitatu safi: nyekundu, kijani na buluu. Ili ipite kwenye waya mmoja wa njano, mashine inaifinyanga. Mikondo mitatu inageuzwa kuwa mwangaza na rangi, kisha rangi inapandishwa juu ya lile wimbi la 3.58 au 4.43 na kumwagwa ndani ya mwangaza. Runinga inapaswa kuvitenganisha tena, na kutenganisha kukamilifu hakuwezekani, kama vile huwezi kuyatoa maziwa kwenye chai. Mabaki ya rangi yanayosomwa kama mwangaza ndiyo sisimizi wako. Mabaki ya mwangaza yanayosomwa kama rangi ndiyo ile mistari ya upinde wa mvua unayoiona kwenye nguo za miraba.

S-Video inavitenganisha hivyo viwili tangu mwanzo: mwangaza njia yake, rangi njia yake, ndani ya kichwa cha duara chenye pini nne nyembamba. Sisimizi wanakwisha siku hiyohiyo. Sauti haimo, inakuja kwa nyeupe na nyekundu kama kawaida.

RGB inakwenda mbali zaidi. Haifinyangi kitu. Nyekundu, kijani na buluu zinatoka kama zilivyo, na pamoja nazo mapigo ya kuiambia runinga mstari unaanza wapi. Tundu la SCART lina pini 21, na katika hizo ya 15 ni nyekundu, ya 11 kijani, ya 7 buluu. Ni kazi ya Wafaransa. Kuanzia 1980 runinga zilizouzwa Ufaransa zilitakiwa kuwa nalo. Mara yangu ya kwanza kuona RGB nilikuwa nimelehemu waya mwenyewe, pini kwa pini, nikiwa na mdogo wangu ameshika tochi. Tulipowasha, herufi zilikuwa na kingo. Tulikuwa tumeucheza mchezo ule miaka mingi, na usiku ule tukagundua kwamba mhusika wetu ana nyusi. Tulicheka, kisha tukanyamaza tukaangalia tu.

Kwa hiyo kwa Super Nintendo, SCART ya RGB. Lakini nenda nayo polepole, kwa sababu tatu.

Ya kwanza: kichwa cha SCART si ushahidi wa RGB. Pini ya 20 inapokea picha ileile ya njano, na nyaya nyingi za SCART zimeungwa hiyo peke yake. Niliwahi kuuziwa mmoja ulioandikwa RGB kwa herufi kubwa; nilipoufungua nikakuta pini tatu za rangi ziko uchi, hazijaguswa na lehemu. Niliumia, kwani ulikuwa zawadi kwa mtu. Chungulia kichwa: pini 15, 11 na 7 zisipokuwepo, hiyo ni njano iliyovaa koti. Pini ya 16 nayo lazima iwe imeungwa, maana volti yake, kati ya 1 na 3, ndiyo inayoiambia runinga isome RGB.

Ya pili: Super Nintendo ya PAL na ya NTSC hazitumii waya mmoja wa RGB, ijapokuwa tundu ni moja. Ya NTSC inataka kapasita za mikrofaradi 220 kwenye kila rangi, ya PAL inataka rezista za omu 75 kwenda ardhini. Ukikosea, viwango vya mwanga vinaharibika. Soma maandishi ya chini ya mashine kabla ya kuagiza. Na ikiwa yako ni ile ndogo ya mwishoni mwa maisha yake, ilitoka kiwandani ikiwa na njano pekee, bila RGB wala S-Video.

Ya tatu: wapo waliotumia kichwa hichohicho cha pini 21 Japani, lakini wakazipanga pini kwa namna yao. Waya wa Kijapani usiuchomeke kwenye SCART ya Ulaya ati kwa sababu umeingia.

Nintendo 64 ni habari nyingine. Ilivyotoka kiwandani haitoi RGB, hata ukiipa waya wa dhahabu. Bora yake bila kuifungua ni S-Video, na waya wa S-Video wa Super Nintendo unaiingia, kwani tundu ni lilelile. GameCube nayo ilirithi tundu hilo, ila ina tabia yake: ya NTSC inatoa S-Video bila RGB, ya PAL inatoa RGB bila S-Video. Kwa mtu mwenye ndugu na jamaa wanaoazimana mashine, hilo linavuruga sana.

Neno la haki kwa njano, maana sitaki uitupe. Wachoraji wa zamani waliijua na waliitumia. Maporomoko ya maji katika Sonic the Hedgehog wa 1991 yamechorwa kwa mistari myembamba ya wima; njano inaivuruga mistari hiyo na maji yanakuwa kama kioo, unaona nyuma yake. Kwa RGB unaona vijiti. Mimi nachagua RGB hata hivyo, lakini sitamwambia anayependa maji yake kwamba amekosea.

Ukiwa huko nyuma ya chogo, usiifungue. Hata ikiwa imechomolewa, ndani huweza kubaki umeme mkali wa kumwangusha mtu.

Ninabonyeza sasa, anaruka baadaye

*Fundi, konveta nimepata na picha ipo kwenye HDMI. Ila mkono wangu na mchezo haviendi pamoja. Nabonyeza kuruka, anaruka akiwa ameshaanguka shimoni. Halafu adui akipigwa alikuwa akimetameta, sasa hametameti. — Mrukaji*

Dalili ya pili imenifurahisha, kwa sababu inaonyesha chanzo cha ya kwanza.

Mashine nyingi za kabla ya mwaka 2000 huchora picha ya mistari 240 hivi, nzima, mara 60 kwa sekunde. Tunaiita 240p. TV ya chogo ilichora kila mstari ulipofika, bila kungoja. Runinga bapa na konveta nyingi rahisi hazikufundishwa 240p. Zinaidhania kuwa 480i, yaani picha iliyogawanywa nusu mbili za mistari iliyopishana, kwa hiyo zinashika picha mbili zinazofuatana na kuzisuka pamoja. Kushika na kusuka kunachukua muda, na muda huo ndio shimo unaloangukia. Na adui anayemetameta huwa anaonekana picha moja na kutoweka picha inayofuata. Ukizisuka mbili pamoja, anabaki ametulia, ama mwenye mistari mistari, ama hayupo kabisa.

Anza na kisicho na gharama: rimoti. Weka runinga kwenye hali ya michezo, na uzime kila kinacholainisha mwendo au kunoa picha. Na ubadili umbo liwe 4:3, maana nimechoka kuona wahusika walionenepa kwa kunyooshwa hadi 16:9, ilhali walichorwa wembamba.

Ikibaki ileile, konveta yako ndiyo tatizo, na hapo kuna vifaa vilivyobuniwa na watu wanaozipenda mashine hizi. OSSC inachukua kila mstari inapoupokea na kuutoa mara mbili au zaidi papo hapo, bila kushika picha nzima, kwa hiyo ucheleweshaji wake mkono hauwezi kuuhisi. Inapokea SCART ya RGB, komponenti na VGA, ile njia ya picha ya kompyuta za zamani. Njano na S-Video peke yake haizijui. Kwa hizo mbili RetroTINK 2X ni chaguo zuri, nayo inapokea pia komponenti. Vina bei kuliko kiboksi cha kawaida, sitaki kukudanganya. Lakini mchezo wa kuruka usiojibu mkono si mchezo tena, na kwa shida yako mimi ningejinyima kitu kingine.

Mwenye PlayStation 2 anayeweka ndani yake diski za ile ya kwanza kupitia komponenti, jiandae kwa jambo hilohilo: diski za zamani zinarudi kwenye 240p, na baadhi ya runinga zinakataa 240p ya komponenti moja kwa moja, kioo kinakuwa cheusi. Mashine haijaharibika. Ziangalie hizo kwa njano au S-Video.

Xbox 360 isiyo na HDMI

*Rafiki yangu anasema Xbox 360 zote zina HDMI. Yangu haina. Nimeuziwa ya bandia? — Mwenye Shaka*

Hapana. Zilizotoka mwanzoni, 2005, hazikuwa nayo. Ilianza kuonekana 2007. Tumia komponenti, mashine hiyo inaifanyia haki kabisa. Waya wake wa kwanza una vichwa vya komponenti na cha njano pamoja, na ubavuni mwa kichwa kikubwa kuna kijiswichi cha kuchagua HDTV au TV. Ukitumia njano kikiwa kwenye HDTV hupati picha ya maana, na watu wengi hawajawahi kukiona. Pitisha kidole ubavuni.

Aliyeuliza kuhusu Wii ajibiwe hapahapa: haina HDMI ya asili, kilele chake ni 480p kupitia komponenti, na zile adapta ndogo za HDMI zinazoingia nyuma yake zinafanya kazi ya ukalimani tuliyoizungumza. Kumbuka kuiambia mashine yenyewe, ndani ya menyu yake, itoe 480p. Haijigeuzi peke yake.

Waya wa dhahabu

*Je, vichwa vya dhahabu vinaongeza ubora wa picha?*

Havishiki kutu. Basi. Fedha yako ipeleke kwenye kinga ya ndani. Waya wa analogia ulio mwembamba, usio na wavu wa shaba kuzunguka kila mkondo, unadaka kelele za waya jirani, na rangi zinaingiliana. Ushike mkononi: mwembamba kama uzi wa spika za masikioni, uache. Kwa HDMI fupi hesabu ni nyingine. Tarakimu zikifika, zimefika. Zisipofika utaona chenga zinazometa au kioo kinazimika na kuwaka. Hakuna HDMI inayofanya nyekundu iwe nyekundu zaidi.

Na kwa kuwa wengi mmeuliza: rangi za vichwa vya RCA, yaani hivi vya njano, nyeupe na nyekundu, ni alama tu. Ukikosa waya wa njano, mwekundu wa sauti utabeba picha kwa umbali mfupi hadi upate unaostahili, wenye omu 75.

Sauti ileile pande zote mbili, na mngurumo

*Mega Drive yangu ya kwanza kabisa, ile kubwa, inatoa sauti ileile kulia na kushoto. Tena kuna mngurumo wa chini usiokwisha. — Masikio*

Tundu la nyuma la Mega Drive kubwa linatoa sauti ya njia moja. Ya njia mbili ipo, lakini iko mbele, kwenye tundu la spika za masikioni lenye kidude cha kuteleza cha kupandisha sauti. Kuna nyaya zilizotengenezwa kwa ajili yake zenye mkia mrefu unaozunguka hadi mbele. Ukiupata huo, umemaliza. Ile ndogo iliyofuata ilihamishia sauti ya njia mbili nyuma, ndiyo maana nyaya zao hazibadilishani.

Mngurumo nenda nao kwa kuondoa. Chomoa waya wa antena kwenye runinga. Ukinyamaza, umeme ulikuwa unazunguka kupitia ardhi mbili. Usiponyamaza, hamisha kigeuza umeme cha mashine mbali na waya wa picha, usivilaze pamoja. Halafu chezesha kichwa kwenye tundu polepole: ukisikia mkwaruzo, lehemu ya ndani imepasuka, na hiyo ni kazi ya dakika kumi kwa fundi yeyote mwenye mkono mtulivu.

Bunduki haifyatui

*Fundi, shikamoo. Baba yangu na mimi tulikuwa tukicheza gemu za bunduki kwenye PlayStation ya kwanza. Sasa amestaafu, nikataka kumfanyia mshangao. Nimeunganisha kila kitu kwenye runinga kubwa ya sebuleni, picha nzuri, lakini bunduki haipigi popote. Nimebadili nyaya mara tatu. Ni waya upi unaohitajika? — Binti Yake*

Marahaba, binti. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nasikitika kukuambia kwamba hakuna waya utakaofanya kazi hapo. Acha kununua.

Katika TV ya chogo, picha inachorwa na nukta moja ya mwanga inayokimbia kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini. Bunduki ina jicho kwenye mtutu. Unapofyatua, jicho linaona nukta ikipita mbele yake, na mashine inahesabu: kwa wakati huu nukta ilikuwa mstari fulani, umbali fulani, kwa hiyo ndipo alipolenga. Runinga bapa haina nukta inayokimbia, tena picha inafika imechelewa. Bunduki inatazama na haioni inachokisubiri.

Kinachohitajika ni TV ya chogo. Hata ndogo, hata ya inchi 14, hata isiyo na tundu jingine zaidi ya njano. Uliza kwa jamaa na majirani; wengi wanayo stoo na watafurahi ukiwapunguzia.

Ukishaipata, tazama waya wa bunduki. Ikiwa ni GunCon, una vichwa viwili: kimoja cha mashine, na kimoja cha njano. Wengi hukiacha cha njano kikining'inia. Hicho ndicho kinachoipa bunduki mapigo ya picha ili ijue mstari umeanza lini. Chomoa njano ya mashine kutoka kwenye TV, iunganishe na kichwa cha bunduki, halafu kile cha bunduki ndicho kiende kwenye TV. Kimetengenezwa kuingia na kupokea kwa wakati mmoja. Ukitumia SCART, tafuta yenye kitundu cha njano pembeni ya kichwa kwa kazi hiyo.

Ongeza mwangaza wa TV kidogo na zima taa iliyo nyuma yenu isiakisi kwenye kioo. Mchezo utawaomba mlenge katikati kabla ya kuanza. Mpe baba afyatue yeye risasi hiyo ya kwanza, na uniandikie.